Bei ya Kupeana Mkono

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini ulipita katikati ya silinda mbili, na Haroun alipoupitishia kidole alijua kwamba injini ile imekufa.

"Hauzibiki?" akauliza Shemsa, mkewe, aliyesimama mlangoni mwa gereji na kikombe cha chai.

"Hauzibiki. Chuma kimechoka. Inataka bloku jipya, mwili mzima wa injini."

"Basi agiza."

Haroun akacheka. "Niagize kwa nani, bibie? Walioliunda walifunga kiwanda mie sijazaliwa."

Gari lenyewe lilikuwa Lorrimer, la Kimarekani, la miaka ya hamsini, refu hata mkia wake ulibaki nje na mlango haukufungika. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kiingereza wa Sutton Coldfield, Hilary Bagnall. Mumewe alilinunua uzeeni, akaliendesha kiangazi kimoja tu, likaharibika, na yeye akafariki kabla ya kulitengeneza. Mjane hakutaka kulifanyia fahari. Alitaka kulisikia likinguruma tena uani kwake, basi.

Haroun aliijua historia ya Lorrimer na alimsimulia kila mteja aliyekuja kwenye gereji yake ya Northfield kubadilisha breki. "Ilikuwa kampuni ndogo," angesema, mikono ikiwa imejaa grisi. "Miaka ile kila Mmarekani alitaka injini ya silinda nane. Wakubwa wakiunda injini mpya, gharama yake wanaigawa kwa magari milioni, kila gari linabeba punje. Hawa wadogo gharama ni ileile, magari ni machache, kila moja likatoka kiwandani limebeba gunia. Wangeweza kununua injini kwa washindani wao. Wakaona haya. Wakaunda yao, na ilikuwa nzuri, wallahi ilikuwa nzuri! Ikawazika." Kisha angekung'uta spana na kumalizia: "Kiburi kina silinda nane."

Wateja walicheka. Hata Damien, mkerezaji wake wa vyuma kutoka Bukavu, aliyekwisha kuisikia hadithi ile mara nyingi, alicheka.

Siku mjane alipokuja kuuliza bei, Haroun alilitazama bloku, akapiga hesabu kichwani ya kumimina jingine la mfano wake, akataja kiasi. Hilary akasema sawa. Wakapeana mikono.

Hapo ndipo mambo yalipofungwa, na Hilary hakujua kwamba yamefungwa. Kwake yeye, kama kwa Waingereza wengi, bei ya kazi ya namna ile ni makadirio. Mambo yakigeuka, fundi hupiga simu, mnazungumza, mnakubaliana upya. Lakini Haroun alikulia mtaa wa Mkunazini, nyuma ya meza ya baba yake muuza vitambaa, na pale bei ikishapeaniwa mkono haifunguliwi, hata bahari ikauke. Alimwona baba yake akiuza jora zima kwa hasara, huku akitabasamu na kumuuliza mnunuzi habari za watoto.

Kalibu ikachongwa. Kiwanda kimoja cha kusubu chuma upande wa Dudley kikamimina bloku la kwanza. Lilitoka na vijitundu ndani kama mkate wa kumimina. Likatupwa. La pili njia za maji zilikaa upande, ukuta wa silinda moja ukawa mwembamba kama sahani. Likatupwa. Kila mara kalibu ilirekebishwa, na kila mara Haroun alilipa yeye.

Alianza kukataa kazi ndogondogo ili apate muda. Magari ya klachi na breki yakaenda kwa jirani. Kisha akauza jeki kubwa ya kunyanyulia magari. Kisha kulipa kodi ya jengo kukasimama.

"Patron," Damien akamwambia siku moja, akifuta mashine yake, "ule mama iko na feza. Nyumba yake niliiona, iko kama hôtel. Umupigie tu simu."

"Ni mjane, Damien."

"Na mama Shemsa? Naye iko karibu kuwa mjane, mjane wa gereji."

"Kereza chuma, wacha siasa."

Damien akarudi kwenye mashine, lakini hakucheka.

Nyumbani Shemsa hakuzungusha maneno. Wali ulikuwa mezani, umepoa. "Haroun, mwambie."

"Nimempa neno."

"Neno tutalila?"

"Nitamwambiaje, Shemsa? Mtu amefiwa, mie nimfuate nimekunjua kiganja? Atasema yule Mzanzibari kaona mjane, kapandisha bei."

"Atasema bloku limekuwa gumu. Maana limekuwa gumu."

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama."

"Huchutama akivuliwa! Weye unavua mwenyewe, moja baada ya moja, na zangu pia."

Haroun akasukuma sahani. Gereji ile ndiyo waliyoijenga tangu walipofika mji huu, kwanza chini ya daraja la reli, kisha kwenye kibanda, kisha pale nyuma ya barabara ya maduka, jina lao likiwa limepakwa rangi juu ya mlango. Hawakujaliwa watoto. Hawakuwa na kingine cha kuonyesha.

Asubuhi iliyofuata, Haroun alipokuwa Dudley, Shemsa aliketi ofisini na kuishika simu. Namba ya Hilary aliijua kwa moyo. Angesema maneno mawili tu. Lakini kumpigia mteja nyuma ya mgongo wa mume ni kumvua mbele ya mgeni, na Shemsa naye alikuwa mtoto wa watu walewale. Aliiweka simu chini, akafagia ofisi iliyokuwa safi.

Bloku la tatu lilitoka zima.

Haroun aliligonga kwa nyundo ndogo, likalia kama kengele. Alilizunguka, akaligonga tena, akamwita Shemsa asikie. Damien akalikereza polepole, bila mzaha, na injini ilipofungwa na kuwashwa kwa mara ya kwanza, chai ilitetemeka vikombeni. Ilikuwa sauti nzito, tulivu, ya mtu mkubwa anayezungumza bila kupandisha sauti.

Wiki hiyohiyo mwenye jengo akaja na mtu aliyepima kuta kwa utepe. Pangekuwa ghala. Haroun akatia saini kurudisha funguo, akaomba siku chache tu za kumaliza gari la mteja.

Siku ya kulipeleka, yeye aliendesha Lorrimer hadi Sutton Coldfield, Shemsa akafuata na gari lao dogo. Hilary alikuwa uani na kofia ya sufu. Haroun hakuizima injini. Mjane akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akasimama hivyo muda mrefu. Alipofumbua yalikuwa mekundu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo ile."

Akawakaribisha chai, akalipa kilichobaki cha bei ileile ya siku ya kwanza, na akiwa anatafuta biskuti kabatini akasema, "Nilikuwa nangoja unipigie, unajua? Fundi wa paa langu alinipigia kila wiki, mara mbao, mara misumari. Wewe kimya. Nikajiambia, huyu Haroun ni bingwa, hakukwama popote."

Haroun akakoroga chai yake.

"Mume wangu aliacha fungu la fedha kwa ajili ya gari hili, endapo gharama zingezidi. Alijua zingezidi. Mwezi uliopita nikaona halihitajiki, nikalitoa lote sadaka kwa hifadhi ya kutunza punda wazee. Yeye aliwapenda sana."

Kijiko kikasimama. Shemsa alimtazama mumewe. Haroun alikuwa akitabasamu, tabasamu la mtu anayeuliza habari za watoto.

"Umefanya vyema," akasema.

Njiani kurudi Shemsa ndiye aliyeshika usukani. Walipita mataa mengi.

"Punda, Haroun," hatimaye akasema.

Haroun akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, na Shemsa akalazimika kusimamisha gari kando, akamshika shingoni kama mtoto mwenye homa. Magari yaliwapita. Hakumlaumu. Maneno yote ya kumlaumu alikuwa nayo, na alijua sasa kwamba hatayasema.

Walipofika Northfield, mnunuzi wa mashine ya kukereza alikuwa keshaipandisha kwenye lori lake. Damien alikuwa ameketi juu ya kreti, mfuko wa vifaa vyake miguuni, akiwangoja waagane. Akaona uso wa Haroun, akamgeukia Shemsa.

"Na ule mama? Alisema nini?"

Haroun akainamisha kichwa.

"Ameshukuru," Shemsa akajibu haraka. "Ameshukuru sana, Damien. Alilia."

"Na feza?"

"Alilipa yote," akasema Shemsa, akaingia ndani kukusanya vikombe.