Picha za Harusi za Ng'ambo

"Umeshaiwasha?" Saadiya aliuliza kabla hata ya kuitikia shikamoo.

Fundi Hafiz aliweka bisibisi chini. Kompyuta ambayo Saadiya alimuuzia asubuhi ilikuwa mezani.

"Bado, Bi Saadiya. Nlikuwa naipangusa vumbi."

Saadiya alitaka kumwamini. Miaka kumi na miwili amepiga picha harusi za mitaa ya Ng'ambo, zile sherehe za wanawake ambazo mwanamume hakanyagi. Mabuibui hubaki mlangoni. Ndani nywele huachiwa, mabega wazi, na bibi wa miaka sabini hukata kiuno mpaka watu wakalia kwa kucheka. Walimkubali kwa kuwa jicho la kiume halikupata kuziona picha zake. Leo amezibeba nyuso zao zote ndani ya kompyuta, akaja kuziuza sokoni Mwanakwerekwe.

Alikuwa amezifuta, moja moja, mpaka kidole kikamuuma. Lakini mchana, wakila, mpwa wake Sumaiya akamwambia kwamba kufuta vile ni kung'oa kibao cha mlangoni tu; wenyewe wangali ndani. Akaliacha tonge, akarudi mbio kwa fundi.

Hafiz alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka. Akaeleza kwamba ipo programu inayoandika juu ya kila kilichofutwa, tena na tena, mpaka cha chini kisisomeke. Itachukua saa mbili, pengine tatu.

"Lakini lazima iwashwe, Bi."

"Na zikitokea?"

Fundi alifikiri. Akaigeuza kompyuta, kioo kikaelekea ukutani, akamwekea Saadiya kiti huko nyuma. Akamchorea kwenye karatasi vya kubonyeza, kimoja baada ya kingine. Kisha akachukua kigoda, akakaa nje ya mlango, amempa mgongo.

Saadiya aliwasha. Kioo kizima kikajaa bi harusi wa Mkokotoni, kichwa wazi, hina mpaka viwikoni, anacheka. Ile picha ya mbele, inayotokea kompyuta ikiwaka, alikuwa ameisahau kabisa. Akatazama mlangoni.

Mgongo haukutikisika.

Aliiondoa, akafuata karatasi. Namba ya asilimia ikaanza kupanda: mbili, tatu, nne.

Ilipofika thelathini mvua ikashuka bila ya salamu. Watu wa njiani walikimbilia mabarazani.

"Hafiz, mwanangu, utarowa."

"Zimekwisha?"

Akaitazama namba. "Bado."

Hafiz alisogeza kigoda kidogo kwenye ukuta, shati limemganda mgongoni, akaendelea kutazama barabara.