Sahani ya Yamini

Nyumbani kwetu Tongoni, mwaka ule wa hamsini na sita, waliugua wote isipokuwa mimi. Na kosa langu lilikuwa hilo hilo, uzima. Mtu akiugua hupewa pole. Mtu akiwa mzima katikati ya wagonjwa, watu humtazama mdomo kama una damu.

Baba yangu, Maalim Mwinyijuma, alianza na tumbo. Tumbo la kukata, linakuja na kwenda, miezi ikapita. Kisha mkono wake wa kulia ukalegea kifundoni, ukawa unaning'inia kama tambara bichi. Mdogo wangu Chiku, aliyeolewa nyumba ya pili lakini akila na kushinda kwetu, akafuatia. Alikuwa mnene wa kupendeza. Akakauka, akapauka, na siku moja akicheka nikaona mstari wa buluu umepita kwenye fizi zake, juu tu ya meno. Nikamtazama Baba, naye anao. Jirani mmoja akasema ni pepo wa kule magofuni, anawashona midomo. Nikamwambia pepo huyo aanze na mdomo wake yeye, maana ndio unaohitaji uzi. Lakini wallahi niliogopa.

Nikaja kuogopa zaidi adhuhuri moja. Nilikuwa napeta mchele uani, jua la utosi, Chiku amelala mkekani mlangoni. Akanitazama, kisha akatazama nyuma yangu, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Dada Asmahani, mbona mwenzio humkaribishi? Kasimama muda mrefu."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu, kuku tu.

"Mwenzangu nani?"

"Huyo mnayefanana," akasema, akafumba macho, akalala.

Toka siku hiyo nikawa najihofu mwenyewe. Mtaani walinong'ona kwamba nawala ndugu zangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na walihakikisha nimesikia. Nami niliyekuwa nikiwajibu neno kwa neno nikaanza kujiuliza kimoyomoyo: na kama ni kweli? Kama kuna kitu kinanitoka nikilala, nami sina habari? Kila asubuhi nilishika kioo nikatazama fizi zangu. Nyekundu, safi. Nilitamani nione hata alama ndogo ya ugonjwa.

Dawa ya nyumba yetu ilikuwa kombe. Baba aliandika aya za shifaa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na maji yale yakanywewa. Watu wa nje walikuja wakanywa sahani moja, wakaenda zao. Baba na Chiku walikunywa kila alfajiri, na kadiri walivyozidi kuugua ndivyo walivyozidi kunywa. Mimi sikunywa. Utotoni nililitapika, na kulitapika neno la Mungu si jambo dogo. Baba akaapa hatanipa tena.

Chiku aliposhikwa na degedege, mumewe, Uweso, akampeleka hospitali mjini Tanga. Huko akapata nafuu. Akala, akaomba kitana, akaanza kunitania jinsi ninavyotembea. Mimi nilikwenda kumtazama kila Alhamisi, na kila nikienda Baba alinipa chupa ya kombe. Niliificha ndani ya kanga, kwa kuwa wauguzi hawakutaka vinywaji vya nyumbani. Na kila nilipoondoka, Chiku alizidiwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliliona hilo. Uweso naye akaliona, akanisimamisha langoni.

"Shemeji, sitaki kukuvunjia heshima," akasema. "Lakini ukija, anazidi. Usije tena."

Mimi ambaye watu husema nina ulimi wa upanga, nikageuka nikaenda kituoni. Nililia ndani ya basi mpaka Tongoni.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nyumbani, akaja Eliudi. Alikuwa Mshambaa mrefu, anafanya kazi na madaktari waliochunguza maradhi yasiyopona ya watu wa pwani: wanakula nini, wanateka maji wapi, wanalalaje, wana huzuni gani. Maswali hayana mwisho. Nikamwambia, "Bwana, huko kwenu milimani hakuna wagonjwa mpaka mshuke kuchungulia wa kwetu?"

"Wapo, dada," akasema, "ila hawajui kutukana vizuri namna hii."

Nikampenda. Akamwamkia Baba shikamoo, akaomba kumwona mdomo, akaushika ule mkono mlegevu. Kisha akaniambia uani kwamba amewahi kuona alama hizo kwa wapaka rangi wa karakana moja. Ni risasi, akasema, madini yanayochanganywa ndani ya rangi. Huingia mwilini kidogo kidogo na kukaa humo, wala hayatoki upesi.

Akapekua vyungu, akanusa bizari, akachungulia mtungi. Kilichomkwaza nilikuwa mimi. "Chungu mnachopakua ni kimoja," akasema, "na wewe mzima. Kuna kitu wanachotia kinywani wao, wewe hukitii."

Nikaingia ndani nikamletea kopo la zafarani.

Haikuwa zafarani. Zafarani ilikuwa imeadimika, na Baba alinunua dukani kwa Karmali unga wa njano wa kupakia milango. Karmali alimwambia wazi kwamba ni wa mbao. Baba hakuona ubaya: shifaa iko katika maneno, rangi ni chombo tu. Tena uling'aa kupita zafarani yoyote, akaona ndio unaolistahili neno la Mungu.

Eliudi akafunga chembe za unga ule katika karatasi. Ilikuwa Alhamisi, alikuwa na kazi Kigombe, angefika kwa dakta Jumatatu. "Mgonjwa wa mjini asionjeshwe tena hata tone," akasema. "Mwili wake umekwisha jaa. Mara moja nyingine yaweza kuwa ya mwisho." Akapanda baiskeli akaenda.

Nikakaa chini pale pale. Basi ni kweli nilikuwa namwua mdogo wangu, kwa mkono wangu, ndani ya kanga yangu. Sijapata kuumia vile maishani.

Nikamwambia Baba. Akaniuliza, "Maneno ya Mungu yanaua, Asmahani?"

"Si maneno, Baba. Ni rangi."

Kesho yake Uweso akarudi kwa sala ya Ijumaa, akasikia. Akasema mchawi akibanwa hutafuta pa kutupia mzigo. Wazee wakasema neno moja lingemaliza: ninywe yamini, kombe la kiapo. Kwetu mtuhumiwa huandikiwa kombe akanywa mbele ya watu. Mwenye hatia tumbo humvimba, au hulitapika.

Nikapiga hesabu zangu. Sahani moja haitaniangusha. Nikisha safika, watanisikiliza, na kopo lile nitalitupa mwenyewe. Nikasema, "Leteni."

Baba aliandika barazani, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Nikanywa mpaka tone la mwisho. Lile vumbi lilikuwa na ladha ya mlango. Likashuka, likageuka, likaanza kupanda, kama utotoni. Nikafumba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakanitoka, watu wote wananitazama koo. Nikameza. Likapanda tena, nikameza tena. Mpaka adhana ya alasiri lilikuwa bado tumboni mwangu.

Baba akalia. Uweso akaniangukia miguuni akaomba radhi, nikamwambia radhi baadaye, sasa mnisikilize, lile kopo...

"Mwanangu," Baba akanikatiza. Alikuwa anacheka kwa furaha, uso wake umekunjuka kama sijauona miezi mingi. "Umekunywa sahani nzima, nawe huyo umesimama. Ingekuwa sumu, si ungeanguka? Wewe umesafika, na kombe limesafika."

Watu wakaitikia alhamdulillahi. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakasema maskini, amechoka, ameonewa sana. Wanawake wale wale walioniita mchawi wakanishika kwa mapenzi, wakanilaza, wakanikanda tumbo lililokuwa linakata.

Nilipoamka asubuhi Uweso hakuwapo. Alikuwa amepanda lori la mkonge alfajiri, na chupa. Nikatoka mbio bila kuaga, nikapata lori jingine likaniacha Usagara, nikaenda kwa miguu nikiwasukuma watu njiani.

Langoni hawakunizuia. Chiku alikuwa ameketi kitandani, mashavu yameanza kurudi, na Uweso ameshika chupa tupu. Chiku akanyoosha mikono.

"Dada! Baba kaniandikia ndefu leo. Uweso kanambia ninywe yote, kwa kuwa wewe umekunywa ukasafika."

"Tapika," nikamwambia. Nikamshika kichwa, nikamtia vidole kinywani. "Tapika, Chiku. Tapika, nakuomba."

Akanisukuma. Akanitazama kwa hofu, akafumba mdomo kwa mikono miwili, akameza.