Sentimita Mbili za Ghala

Kwa miaka sita Chama cha Reli Ndogo kilizunguka na mfano wa ajali ya Dereva kwenye pikapu ya kukodi: vipande sita vya meza vilivyofungwa kwa blanketi kuukuu, na juu yake reli, stesheni, tangi la maji na lile ghala. Kumbi za shule, maktaba, kumbi za mikutano, popote palipokuwa na maonyesho walifika. Na kwa miaka sita Dereva mwenyewe alikuwa mmoja wa wabebaji. Kipande cha tatu, chenye ghala, kilikuwa chake.

Hakuna aliyemlazimisha. Ila chama kilianzishwa na shemeji yake, na shemeji yake alikuwa na mguu mmoja, na ule wa pili ulikwenda na treni ya Dereva. Mtu wa namna hiyo akikuambia twende, unaanzia wapi kusema sitaki?

Huyo shemeji, kaka wa mkewe, watu wote walimwita Gadi, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya siku ile, kukaa behewa la mwisho na kulinda treni. Treni yake ilikuwa imesimama nje ya stesheni ikisubiri njia. Treni ya mizigo ya Dereva ikaja nyuma yake, ikapita taa nyekundu, ikalivunja behewa la mwisho, na Gadi yumo ndani. Tume ya uchunguzi ilikaa siku mbili, ikala chakula cha mchana mara mbili, ikatoa maneno matatu: uzembe wa dereva. Dereva akatupwa nje ya kazi wiki hiyohiyo. Waliopanga zamu za siku ile hawakuulizwa hata rangi ya kalamu zao, na kabla ya mwaka kwisha wawili kati yao walikuwa wamepandishwa vyeo. Mambo haya watu husahau. Gadi hakusahau.

Akiwa bado kitandani wodini, alikataa yale maneno matatu. Alisema shemeji yake hakuiona taa kwa sababu kampuni ilikuwa imejenga ghala jipya penye kona, pua na mdomo na mlingoti wa taa. Mwaka uliofuata kampuni ikalibomoa ghala, na Gadi akasema mnaona, wanafukia ushahidi. Akaandika barua mpaka karani wa posta akaujua mwandiko wake. Barua hazikujibiwa. Alipochoka kupigana kwa karatasi, baada ya miaka ishirini na mitano, akaanza kupigana kwa mbao na gundi.

Ndipo chama kilipozaliwa. Fundi wa makufuli, mshona mapazia, mwalimu mstaafu mmoja, wote walikuja kwa kupenda treni, na wote wakaambiwa sheria ya kwanza: hakuna kukadiria. Mita themanini na saba za duniani ni mita moja ya meza. Mataruma walihesabu kwenye picha moja baada ya jingine. Waliwahi kununiana wiki mbili kwa sababu ya bomba la maji la stesheni, kama lilikuwa kushoto mwa mlango au kulia. Kitu kimoja tu hakikuwa na picha wala ramani, nacho ni ghala. Hilo Gadi alilijenga kwa kumbukumbu, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwuliza mwenye mguu mmoja kama ana hakika.

Mbele ya meza walitundika kibao: DEREVA ALIONA NINI? Na mwaka huu Mpima, mwanamke aliyestaafu kupima viwanja na aliyejiunga na chama miezi mitano iliyopita, alibandika kamera ndogo kama punje ya hindi kwenye paji la kichwa cha treni. Wageni wakawa wanatazama kwenye runinga kile alichokiona dereva: reli, daraja, kona, ukuta wa matofali, ukuta wa matofali, halafu ghafla nyuma ya behewa. Kina mama walishika vifua. Mzee mmoja alimpa Dereva mkono, akamwambia pole baba, pale hata malaika asingeona taa. Dereva akasema ahsante. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Gadi hakukubali mtu mwingine ashike swichi ya treni.

Sasa, Dereva hakuzibwa na ghala lolote. Alikuwa amelala.

Alipanda kichwa cha treni Jumatano saa kumi na mbili jioni. Ajali ilitokea Alhamisi saa saba mchana. Hesabu mwenyewe. Msaidizi wake alikuwa ameshushwa njiani kwa amri ya ofisi iliyokuwa ikibana matumizi, na kila stesheni kubwa msimamizi wa zamu alimletea daftari asaini mstari mpya, kana kwamba ndiyo kwanza anatoka kwake ameoga. Kwenye karatasi alikuwa na saa nne kazini. Mwilini alikuwa na kumi na tisa. Angesema mbele ya Tume kwamba alisinzia, wangemfunga, na saini zake mwenyewe zingemsuta. Alipotaka kumwambia angalau Gadi, akamkuta na bandeji mpaka kiunoni, macho yanamwaka, anaeleza habari ya ghala. Akaona haya kumnyang'anya mtu mguu na sababu kwa pamoja. Akanyamaza. Na ukinyamaza mwezi wa kwanza, wa pili unakuwa mgumu zaidi.

Jumamosi ya maonyesho makubwa, yale ya siku mbili kwenye ukumbi wa manispaa, meza ya jirani ilikuwa ya bwana mmoja mkusanyaji wa picha za zamani. Mchana watu walipopungua, Mpima akaenda kupekua. Aliporudi hakwenda kwa Gadi. Alimwita Dereva nje, kwenye ngazi za nyuma wanakopakulia viti, akafungua bahasha.

Ilikuwa picha ya ghala lenyewe. Wapakiaji kumi na mmoja wamejipanga mbele yake, wamekunja mikono, na nyuma ya paa, upande wa kulia, kichwa cha mlingoti wa taa kimechomoza wazi.

"Kaka, nimehesabu matofali," Mpima akasema. "Hapa safu ni ishirini na nane. Letu lina thelathini na sita. Tumezidisha sentimita mbili. Ni kama tumemsimamisha mtu mzima juu ya paa."

Dereva akaketi kwenye ngazi.

"Nimepiga hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea. Ile taa inaonekana tangu darajani." Akairudisha picha kwenye bahasha. "Jina litakalochafuka ni lako. Ukisema niisahau mkobani, nitaisahau."

Alimaanisha, na ndiyo sababu ilimuuma. Mwanamke aliyepima viwanja miaka yote ile, aliyewahi kuhamishwa kazi kwa kukataa kusogeza jiwe la mpaka wa mkubwa fulani, alikuwa tayari kumeza sentimita mbili kwa ajili yake. Dereva akamwambia ampe mpaka kesho.

Jioni alimweleza mkewe, ambaye alikuwa akikunja nguo. Mkewe aliijua siri tangu wiki ile ya ajali. Alikuwa amelala nayo kitanda kimoja, amekwenda nayo wodini kumlisha kaka yake uji, amemsikia kaka yake akiapa kwa ghala, akaendelea kupuliza kijiko. Hakuinua macho. Alisema tu kwamba amechoka kuwa na wanaume wawili wa kuwatazama usoni kwa zamu, na kwamba kaka yake asije akaambiwa na mtu baki.

Kuna kazi moja wenye reli ndogo huifanya kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa. Hufuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, maana vumbi kidogo tu na umeme haupiti. Gadi huanzia stesheni, ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, na Dereva huanzia daraja, mpaka wakutane. Jumapili ile Gadi alikuwa na furaha. Alikuwa akisimulia habari ya bibi mmoja wa jana aliyeuliza kama abiria wale wadogo hulipa nauli nusu. Wakakutana penye ghala.

"Shemeji, sikuzibwa na ghala," Dereva akasema.

Gadi akaendelea kufuta. "Nani kasema?"

"Mimi. Taa niliijua ilipo, ilionekana juu ya paa. Nilikuwa nimelala."

Kitambaa kikasimama. Gadi akakitazama, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, mpaka kikawa hakikunjiki. Ukumbini kulikuwa na mtu anasukuma viti, na kila kiti kilipiga kelele yake.

"Dada yangu anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu ukiwa wodini."

Gadi akacheka kicheko kidogo kisicho na raha. Akasema kumbe ukoo mzima ulikuwa na habari, isipokuwa mguu. Halafu uso ukambadilika, na alipomwita hakumwita shemeji.

"Miaka thelathini na moja, Dereva. Umeniacha napigana na ukuta."

"Nilidhani unauhitaji."

"Nilihitaji mtu wa kumshika shati. Ukuta hauna shati."

Dereva akamweleza yote, akiwa amesimama, mikono imening'inia. Jumatano saa kumi na mbili jioni. Msaidizi aliyeshushwa. Daftari, stesheni tatu, mistari mitatu, kalamu ya msimamizi yenye kamba. Jinsi alivyokuwa akiweka mkono dirishani ili upepo umwamshe, na jinsi mara ya mwisho hata upepo ulivyomwonea huruma ukamlaza. Gadi alisikiliza bila kumkata, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuwa mwekundu macho. Hasira yake haikuwa ya usingizi. Akauliza ni nani aliyeamuru daftari lisainiwe hivyo. Akatajiwa. Akauliza nani aliyetia sahihi amri ya kumshusha msaidizi. Akatajiwa pia. Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, mmoja kitandani kwake, mwingine safarini kutembelea wajukuu.

"Walikuwepo," Gadi akasema polepole. "Walikuwa na ofisi, na milango, na saa za kupatikana. Ningewafuata kwa magongo yangu. Wewe ukanipa matofali."

Hapo Dereva alilia, si kwa sauti. Aligeuka upande wa tangi la maji akajifuta kwa kitambaa cha spiriti, macho yakamwasha, akalia vizuri zaidi.

Mpima alikuwa amesimama kando na bahasha yake, hajui aende au abaki. Gadi akanyoosha mkono, akaichukua picha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema alipolijenga ghala mara ya kwanza alilijenga kwa safu ishirini na nane. Akaweka jicho usawa wa reli, akaiona taa. Akajiambia kumbukumbu imekosea, akaongeza safu mbili. Ikaonekana. Akaongeza nyingine.

"Nikaongeza mpaka ikapotea," alisema. "Na mimi ndiye niliyemfukuza fundi makufuli siku nzima kwa kukadiria bomba." Akaomba wembe wa kukatia kadibodi.

Dereva alitaka kushika upande wa pili wa paa. Gadi akauondoa mkono wake, bila ukali, kama mtu anayeondoa kitu kwenye chakula. Alikata peke yake, safu nane pande zote nne, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akarudisha paa juu. Halafu akamwambia Dereva aendeshe.

Treni ikatoka. Kwenye runinga likaja daraja, na lilipopita tu, juu ya paa la ghala ikawaka nukta nyekundu isiyozidi kichwa cha kiberiti. Ikakua. Ikawa pale, wazi, ikitazama, wakati wote wa ile kona. Gadi hakuondoa macho mpaka mwisho. Dereva alisimamisha treni sentimita chache kabla ya behewa la mwisho, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na hakuna aliyemwambia kaharibu onyesho.

Saa tatu milango ikafunguliwa. Gadi alikaa na kisanduku cha vipuri mapajani, akipanga skrubu ambazo zilikuwa zimepangwa. Wageni wa kwanza wakakusanyika, wakatazama runinga, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, amevaa viatu vyeupe vya kazini, akasoma kibao kwa sauti, akauliza: sasa jamani, si taa hiyo hapo, dereva aliona nini?

Watu wa chama wakatazamana. Dereva akaweka swichi chini.

"Sikuona kitu, mama," akasema. "Nilikuwa nimelala. Ilikuwa saa ya kumi na tisa kazini, na kwenye daftari imeandikwa ya nne."

Alitegemea waondoke. Mzee mmoja kweli alitingisha kichwa akaenda kwenye meza ya picha, na kijana mmoja akanong'ona kitu na mwenzake wakacheka. Lakini yule mama hakuondoka. Alimtazama Dereva kwa namna ya mtu aliyekutana na jirani yake mji wa mbali. Akasema yeye ni muuguzi, ameingia kazini juzi jioni na ametoka leo alfajiri, na amemleta mtoto hapa kwa sababu akikaa chini nyumbani hataamka kumpikia. Jana usiku nusura amchome mgonjwa dawa ya kitanda cha pili. Hajamwambia mtu.

Gadi akainua kichwa kutoka kwenye skrubu.

"Na daftarini wanawaandikaje?"

Muuguzi akasema huwa wanasaini mara mbili, mara ya pili kama zamu mpya, msimamizi ndiye huleta kalamu. Gadi akafunga kile kisanduku. Akauliza ni wangapi wodini wanaosaini hivyo. Akauliza msimamizi anaitwa nani, na mwenye amri juu yake ni nani, na ofisi yake iko ghorofa ya ngapi, na kama kuna mtu aliyewahi kuyaandika haya popote, hata nyuma ya bahasha. Alikuwa anapapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu. Mtoto mgongoni alikuwa amenyoosha mkono kuelekea treni, na mama yake alikuwa akiyumba kidogo alipokuwa akijibu, kushoto, kulia.

"Shemeji," Gadi akasema, bado anapapasa, bila kugeuka, "mletee huyu mama kiti."