Kurumbiza Nambari Saba

"Huyu alivuka," alisema Nicodemus Opiyo, na moyo wa Mwandawiro ukampiga paa!

Juu ya meza, nje ya hema, walilazwa kifudifudi ndege saba waliokaushwa, kurumbiza wote, kila mmoja na lebo mguuni. Sita walikuwa na migongo ya kahawia. Wa saba mgongo wake ulikuwa wa kijivu. Opiyo, fundi wa ndege aliyetumwa na makumbusho kutoka Nairobi, alimgeuza huyo wa saba, akasoma lebo yake mara ya tatu. "Mbololo, katikati ya msitu." Mwandiko ulikuwa wa Mwandawiro mwenyewe, na maneno hayo yalikuwa ya uongo.

Sasa usimhukumu upesi, ngoja usikie. Mwandawiro alikuwa mzee wa kanisa hapo Ronge, chini ya mlima Mbololo. Katikati ya msitu wa mlima huo kuna fighi, msitu wa wazee wa kale, ambao mtu haingii ovyo, hakati fimbo, wala hatoki na kitu, hata jani. Anayetoka na kitu, walisema, nyumba yake hulipa kwa mtoto. Mwandawiro aliyacheka mambo hayo mbele ya watu, tena kwa sauti. Opiyo alipouliza ni nani wa kumletea kurumbiza wa katikati kabisa, yeye ndiye aliyejipiga kifua.

"Mimi ni Mkristo, bwana! Naingia humo kama naingia jikoni kwangu."

Jikoni, ati! Alifika ukingoni, akasimama. Mkewe Wakio alikuwa na mimba ya miezi minane, na baada ya binti yao Dinah walikuwa wamezika wachanga wawili. Mwandawiro akageuka. Kambini kulikuwa na tundu lenye kurumbiza wawili hai, wa kijivu, walionaswa Ngangao, ule msitu wa ng'ambo ya bonde, karibu na Werugha. Akamchukua mmoja, akamnyonga, akamfunga lebo ya Mbololo. Opiyo alipouliza ndege wa pili wa tunduni yuko wapi, akaambiwa mlango wa tundu ulikuwa wazi. Kwani kuna ubaya gani? Kwa Wadawida, wenyeji wa vilima hivyo, ndege hao wana jina moja. Kurumbiza ni kurumbiza!

"Alivuka nini?" Mwandawiro aliuliza, akijikaza.

"Bonde, mzee wangu. Na hakupaswa kuvuka." Opiyo alijifuta uso, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Zamani sana mvua ilikuwa nyingi, na msitu ulishuka ukaunganisha vilima hivi vyote. Kurumbiza walikuwa wamoja. Kisha nchi ikakauka, msitu ukabaki huku juu tu penye ukungu. Ndege huyu haliwezi jua la wazi. Basi wa Ngangao wakazaana wao kwa wao, na wa huku wao kwa wao."

"Ndipo wakabadilika rangi?"

"Si kwa siku moja, na hakuna ndege aliyejibadilisha. Mtoto hafanani na wazazi wake kwa kila kitu. Mmoja huzaliwa na mgongo uliokolea kidogo. Kama majani makavu ya mahali pake yamekolea vile vile, mwewe hamwoni. Anaishi, anazaa, anarithisha. Mwenzake analiwa. Mengine hutokea kwa bahati tu, kwa kuwa ndege wenyewe ni wachache. Wimbo nao hubadilika kidogo kidogo. Hesabu vizazi maelfu na maelfu. Mwishowe ukiwakutanisha, hawatambuani, hawataki hata kuoana. Hapo umepata spishi mbili pale palipokuwa na moja."

"Na huyu wa kijivu anasema nini?"

"Anasema wanavuka na kuchanganyika, na mimi nimekosea." Opiyo akamrudisha ndege mezani polepole. "Wakubwa wa serikali wanataka kufyeka msitu wa Mbololo wapande misonobari. Niliwaambia wasubiri, ndege wa huku hayupo pengine duniani. Sasa itabidi niandike ukweli. Barua inaondoka na treni ya Ijumaa kutoka Voi."

"Na fighi?"

"Fighi nayo ni miti, mzee. Itakwenda na mingine."

Mwandawiro alipiga hesabu. Yeye aliyeogopa kutoka na jani moja, ndiye sasa anayeufyeka msitu mzima! Kama jani moja hulipwa kwa mtoto, msitu mzima utalipwa kwa nini? Akiri mbele ya Opiyo? Mzee wa kanisa, mwongo, tena mwoga? Aibu hiyo ataipeleka wapi?

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi alichukua tundu lenye yule wa kijivu aliyebaki, akachukua na ulimbo wake, akapanda. Alikusudia kupata kurumbiza wa kweli, amfunge lebo ile ya nambari saba kimyakimya, mambo yaishe.

Safari hii aliingia. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, lakini hatua ya kumi ndani ya fighi sauti ilimkauka yenyewe. Hakukuwa na upepo. Ukungu ulining'inia kati ya miti minene, maji yakidondoka tone moja moja, na kila tone lilimshtua. Alitundika tundu, akapaka ulimbo kwenye kijiti kando yake, akajibanza nyuma ya shina huku meno yakigongana. Mchana kweupe, mtu mzima, jamani!

Wa kijivu akaanza kuimba. Kule Ngangao, dume likisikia dume jingine kwake, huja mbio kwa hasira. Hapa walitokea kurumbiza wawili wa kahawia, dume na jike, wakifukua majani. Walikaribia tundu, wakapita chini yake, wakaendelea kula. Wa kijivu aliimba mpaka koo likamtetemeka. Hawakuinua hata kichwa. Maneno ya Opiyo Mwandawiro sasa aliyaona kwa macho yake: walizaliwa na babu mmoja, na hawakujuana kabisa.

Kisha jike akarukia kijiti, akanasa.

Mwandawiro alimshika mkononi, kidole tayari shingoni. Tumbo la ndege lilikuwa la moto, na ndani yake palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo. Yai! Moyo wake mdogo ulipiga mbio kwenye vidole vya Mwandawiro, na Mwandawiro akamwona Wakio alivyokuwa akishika mgongo kila akiinuka.

"Nisameheni," alisema, na hakujua anamwambia nani.

Alimpangusa ulimbo kwa majivu aliyokuja nayo mfukoni, akamwachia, akanyakua tundu, akashuka mlima mbio bila kutazama nyuma.

Kambini alisema yote kwa pumzi moja. Opiyo alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Ulimnyonga ndege wangu ukamwandikia uongo?"

"Ndiyo, bwana. Lakini leo nimewaona ndani ya fighi. Wa kijivu ameimba, wa kahawia hawakumjua!"

Uso wa Opiyo uling'aa, kisha ukazima. "Hilo ni kubwa kuliko ngozi zote hizi. Na siwezi kuliandika, kwa sababu shahidi wangu ni wewe." Opiyo akavuta karatasi, akaandika, akasoma: "Nambari saba ni wa Ngangao. Mwandawiro wa Ronge aliogopa kuingia msituni, akadanganya. Weka sahihi. Jua kwamba barua hii itasomwa barazani."

"Wale sita wanatosha kuuokoa msitu?"

"Niliwanasa mwenyewe pembeni mwa msitu huu wa Mbololo. Wanatosha kuzuia shoka mwaka huu. Mwaka ujao sijui."

Mwandawiro akatia sahihi.

Alifika nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Wakio alikuwa kibarazani akichambua maharagwe. Alimkaribisha, kisha akautazama mkono wa shati lake. Unyoya mmoja wa kahawia ulikuwa umegandia ulimbo.

"Baba Dinah, umetoka wapi?"

Neno "Ngangao" lilikuwa tayari ulimini. Lingemfariji, na lingepita.

"Fighi," alisema.

Wakio alishika tumbo kwa mikono miwili. "Usiingie ndani. Urudishe."

"Naogopa, Wakio." Tangu amwoe hakuwahi kumwambia hivyo.

"Na mimi naogopa, mume wangu. Nenda."

Akageuka, ameushika unyoya kwa vidole viwili, mbali na mwili wake. Njia ilipita katikati ya mashamba, na watu walikuwa wakipalilia. Tryphena, mama wa kwaya, akainua jembe.

"Mzee wa kanisa! Mbona mbio, waenda wapi?"

"Fighi," alijibu Mwandawiro kwa sauti, wote wakasikia. "Nina kitu chao."