Kigari cha Mkunga

"Na mabaya yake je?" dada aliuliza, mkono juu ya boneti. "Mazuri umeshanimwagia tele."

Mdogo wake, fundi wa magari, alijifuta grisi viganjani. Ni kweli, alikuwa amekisifu kigari kile mpaka mate yakamkauka: mafuta kinanusa tu, hakinywi, kinageuka hata uchochoroni, vipuri vyake vimejaa kila duka. Hakuwa amedanganya hata neno moja.

"Nyuma kunabana kidogo," akasema. "Na ukikikimbiza kinalia kama cherehani."

Dada akacheka, akakinunua, yakaisha.

La kilima hakulisema. Alikuwa amekijaribu kikiwa na watu wanne, akajua mwinuko wa kwenda zahanati ungekikata pumzi. Lakini dada yake alikuwa mkunga, na kila mwanamke wa mtaa ule aliposhikwa na uchungu, mlango uliogongwa ulikuwa wa fundi: "Mdogo wangu, amka unipeleke." Alikuwa amechoka. Alitaka dada apate magurudumu yake, naye apate usingizi wake.

Mvua zilipoanza, dada alimpakia mjamzito mmoja pamoja na mama mkwe na shangazi yake. Katikati ya kilima kigari kikakoroma, kikazima. Wale wazee wakashuka matopeni kukisukuma. Mtoto hakuwangoja. Alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, kitovu kimemzunguka shingoni, kimya.

Kesho yake dada alikileta gereji kioshwe.

"Wa kike," alisema. "Alitoka na rangi ya majivu, mdogo wangu. Nilimsugua mgongo mpaka nikasahau kuomba. Leo analia hadi majirani wamekoma." Akalipiga paa kofi la mapenzi. "Kosa langu. Nilikijaza kama gunia."

Fundi alikuwa ameinama ndani, anasugua kiti. Povu la brashi lilikuwa jekundu. Angeweza kunyamaza tena. Kunyamaza alikuwa anakujua.

"Si kosa lako," alisema bila kugeuka. "Kile kilima nilikijua, dada. Nilinyamaza ili usije tena kunigongea."

Alisikia nyayo zikizunguka gari, akadhani dada anaondoka, na hakuthubutu kuinua uso.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Dada alikunja mikono ya gauni, akaokota kitambaa, akaanza kusugua kutoka upande wake, akija polepole kuelekea katikati.