Waziri Aliyebaki Magotini

Toba ilikuwa kipengele cha saba kwenye ratiba ya Siku ya Maombi kwa Taifa, na ilipewa dakika tatu. Kabla yake zilitangulia salamu za viongozi, dakika arobaini, na baada yake kilifuata chakula cha mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa tangu saa mbili asubuhi. Mbele kabisa, chini ya jukwaa, vilipangwa vibao kumi na viwili vya kupigia magoti, vilivyotengenezwa wiki hiyo na fundi seremala wa kanisa kuu. Kila kibao kilikuwa na sponji na kitambaa chekundu, maana magoti ya viongozi hayajazoea sakafu.

Dhambi zenyewe zilichaguliwa mapema na kamati, katika vikao vinne. Ilikubaliwa kwamba taifa litubu mavazi ya vijana, nyimbo zinazopigwa kwenye mabasi, ulevi wa mchana na mambo ya kwenye simu. Mjumbe mmoja alipendekeza uongo wa maofisini. Akaambiwa asiingize siasa madhabahuni, naye akaomba radhi kwa kikao. Hivyo siku ilipofika, taifa likatubu dhambi za watu ambao hawakualikwa.

Waziri wa Ujenzi ndiye aliyeongoza sala hiyo, kwa kuwa ana sauti nzuri. Alisema, "Bwana, tumekosa." Hakusema ni nani, lini, wala wapi. Alitoa machozi mawili, moja kila jicho, na kamera zikayapata yote. Askofu akasema amina, kwaya ikaanza kuimba, na viongozi kumi na mmoja wakainuka wakipangusa suruali. Waziri wa Ujenzi hakuinuka.

Mwanzoni watu walidhani amezama katika sala, wakamwonea wivu. Baada ya wimbo wa tatu katibu wake, ambaye wizara nzima ilimwita Bwana Ratiba, alimwinamia sikioni.

"Mheshimiwa, chakula kinapoa."

"Nasikia," Waziri akasema. "Magoti ndiyo hayasikii."

Walinzi wawili wakamshika makwapani wakamnyanyua. Alinyanyuka vizuri tu, ila miguu ilibaki imekunjwa, ikaning'inia hewani kama ya panzi. Walipomshusha akarudi palepale.

Lawama ya kwanza ikamwangukia fundi, kwa sababu mnyonge hachelewi kuonekana. Ilisemwa kwamba amesahau gundi juu ya kitambaa. Fundi aliitwa kutoka nje, akalala chali chini ya Waziri, akafungua skrubu nne, akakitoa kibao chote. Waziri akabaki amepiga magoti juu ya zulia.

"Gundi hamna," fundi akasema. Akaomba arudishiwe bisibisi yake, ambayo mlinzi mmoja alikuwa ameishika kama ushahidi, akarudishiwa.

Hospitali ilipiga picha za mifupa. Daktari aliandika kwamba magoti ni mazima, mazuri kupita umri wa mwenyewe, na kwamba tatizo haliko kwenye magoti. Liko wapi hakuandika, maana ana watoto watatu wanaosoma na kazi anaipenda. Jumatatu Waziri alirudi ofisini akiwa amebebwa. Siku ya Jumanne fundi akaitwa tena, safari hii kupunguza kimo cha wizara.

Kazi ilikuwa kubwa. Ilibidi kukata miguu ya meza, kushusha rafu, vitasa, swichi za taa, kioo cha msalani na ndoano ya koti. Dirisha la mapokezi nalo likashushwa ili lilingane na mengine, na wananchi waliokuja na shida zao wakawa wanapiga magoti kuzieleza. Hawakulalamika. Mmoja alisema afadhali sasa, zamani walikuwa wanapiga magoti na dirisha liko juu.

Fundi angeweza kukataa kazi hiyo. Aliichukua kwa ajili ya mdogo wake, ambaye alikuwa mahabusu mwezi wa kumi na nne. Mdogo wake huyo alikuwa msimamizi wa ujenzi wa daraja la waenda kwa miguu, lile lililovunjika asubuhi watu wakielekea sokoni, wakafa tisa. Mbao zilikuwa zimeliwa na mchwa tangu ziko ghalani. Msimamizi aliliona hilo, akaandika barua wizarani, akaandika ya pili, akaandika ya tatu. Wizara ilijibu kwamba daraja lifunguliwe Jumamosi, kwa kuwa Waziri alikuwa ameshaahidi Jumamosi kwenye redio. Lilipovunjika barua zote tatu zikapotea siku moja, na aliyeziandika akashtakiwa kwa uzembe uliosababisha vifo. Fundi alimjua mdogo wake. Ni mtu anayerudi nyumbani nusu ya njia kuhakikisha kama amefunga bomba.

Mama yao naye alikuwa na njia yake ya kuliombea taifa. Kila Ijumaa saa sita mchana alikutana na wanawake wanne kwenye chumba cha mavazi ya kwaya, na kila mmoja alitaja ofisi, kosa na tarehe. Askofu aliwahi kumwita akamsihi aombe kwa ujumla, ili asiwakwaze waumini wenye nyadhifa.

"Baba Askofu," mama akasema, "mimi sikukosewa kwa ujumla."

Askofu akamwambia atalitafakari. Mpaka leo analitafakari.

Wakati huohuo Waziri alikuwa anapendwa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Picha yake ya magotini ilibandikwa kwenye kuta na nguzo, na chini yake imeandikwa KIONGOZI MNYENYEKEVU. Wahubiri walimtolea mfano. Mawaziri wengine walianza kupiga magoti hadharani, lakini yao yalikuwa yanakunjuka yenyewe baada ya dakika chache, wakaona aibu, na mmoja alifumwa amejifunga miguu kwa mkanda. Chama kikamteua Waziri agombee tena bila kupingwa. Askofu alisema wazi ibadani kwamba hii ni ishara, na hakuna aliyeuliza ni ishara ya nini.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, fundi alikuwa peke yake na Waziri ofisini. Alikuwa anapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha Waziri, ili ajue meza ikatwe wapi. Waziri alimtazama muda mrefu.

"Wewe na yule msimamizi wa daraja, mnafanana paji la uso."

"Ni mdogo wangu, mheshimiwa. Tumenyonya ziwa moja."

"Aliandika barua."

"Tatu."

Nje ya mlango Bwana Ratiba alikuwa anaongea na simu kuhusu maua. "Ya pili niliisoma," Waziri akasema.

Goti la kulia likanyanyuka kutoka kwenye zulia. Wote wawili wakalitazama. Fundi, kwa mazoea ya kazi, akaweka futi: sentimita saba.

"Endelea, mheshimiwa," akasema taratibu.

"Niliisoma mwenyewe, mezani hapa. Ilisema mbao zina mchwa. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, fungueni hivyohivyo." Mguu wa kulia ukakunjuka, unyayo ukakanyaga zulia, na Waziri akawa kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Goti la kushoto nalo likaanza kuachia sakafu. Jasho lilikuwa linamtoka, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho fundi hakuwahi kukiona kwenye picha za ukutani, kitu cha kibinadamu kabisa. Fundi alikuwa anamwona mdogo wake anaingia nyumbani, anakwenda moja kwa moja kukagua bomba.

"Barua iko wapi, mheshimiwa?"

"Ipo. Ninayo mimi. Iko kwenye..."

Mlango ukafunguliwa. Bwana Ratiba akatazama mguu, akamtazama fundi, akaufunga mlango nyuma yake.

"Mheshimiwa, Baba Askofu amefika na wapiga picha. Wanataka picha ya sala ya asubuhi." Akashusha sauti. "Wamekuja kupiga picha ya mtu aliyepiga magoti. Nikawaambie nini?"

Waziri aliutazama mguu wake uliosimama. Kisha akaurudisha polepole nyuma, kama mtu anayerudisha kitabu cha watu kwenye rafu, na goti likagota chini.

"Kata miguu ya meza," akamwambia fundi, bila kumtazama.

Fundi alikata. Alikata vizuri, maana mikono yake haijui kufanya kazi mbaya, na jambo hilo lilimuudhi siku nzima. Jioni alimsimulia mama yake yote, na sentimita zake.

"Basi dawa anaijua," mama akasema. "Mficha uchi hazai. Tutamwita shahidi."

Wakili wa kujitolea aliandika maombi, na mahakama ikakubali. Fundi mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kushusha kizimba cha mashahidi, akakishusha siku moja kabla ya kesi. Waziri aliletwa na walinzi, akawekwa kizimbani, akaapa. Mshtakiwa alikuwa amesimama upande wa pili, amekonda, shati limemzidi. Ndugu wa marehemu tisa walikaa benchi za nyuma. Fundi na mama yake walikaa ya tatu.

"Mheshimiwa," wakili akauliza, "uliwahi kupokea barua yoyote kuhusu mbao za daraja?"

Goti la kulia likanyanyuka. Kila mtu aliliona, kwa kuwa kizimba kilikuwa kifupi na fundi hakukiwekea mbao za mbele. Mama akamshika mwanawe mkono. Waziri alifumbua mdomo, na goti la kushoto likatikisika.

Bwana Ratiba akakohoa.

Magoti yote mawili yakarudi chini kwa mlio ambao hata karani wa mahakama aliusikia. "Mheshimiwa hakimu," Waziri akasema kwa ile sauti yake nzuri, "jambo hili zito nimelikabidhi kwa Mungu. Naliombea kila siku, pamoja na familia zilizofiwa."

Hakimu, ambaye Jumapili ni mzee wa kanisa, aliandika maneno hayo yote bila kufupisha. Alisema mahakama imeguswa. Wakili aliomba iandikwe pia kwamba magoti yalinyanyuka, na hakimu akajibu kwamba kumbukumbu za mahakama ni za maneno tu. Wiki mbili baadaye alisoma hukumu. Msimamizi wa daraja akapewa miaka saba.

Waziri alikuwapo siku ya hukumu, kwa kuwa Bwana Ratiba aliona ni vizuri aonekane akiwaombea watu wa pande zote. Ilipokwisha, walinzi walimweka kwenye korido wakaenda kuleta gari. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, na nyuso zao zikawa kimo kimoja. Hapakuwa na mtu wa tatu zaidi ya fundi.

"Mwanangu," mama akamwambia, "sema tu. Hata sasa. Utasimama."

"Najua, mama."

"Sasa?"

Waziri alifikiri. Hakuwa na hasira, wala hakuwa anaigiza. "Nimeshazoea huku chini," akasema. "Watu wananipenda nikiwa hivi."

"Mwanangu mimi hajazoea."

Waziri akainamisha kichwa. Akamwomba mama amkumbuke katika sala zake. Mama akamjibu kwamba anamtaja kila Ijumaa, jina, cheo na tarehe ya ile barua ya pili. Waziri akamshukuru kwa moyo, maana kuombewa hata yeye alikuwa anakupenda, na walinzi wakarudi wakambeba.

Gari lake lilikuwa limepunguzwa paa tayari. Akawekwa kwenye kiti kisicho na miguu, akapungia watu mkono, na watu wakampungia. Nyuma ya jengo lilisubiri lori la magereza. Lori hilo halikuwa na viti, wafungwa walikuwa wengi, na safari ilikuwa ya saa sita. Mdogo wa fundi alisafiri amesimama.