Gitaa Linalopigwa kwa Magoti

Kanisani kwao Bertrams, mtaa wa Johannesburg, kwenye ukumbi wa kupanga juu ya duka la matairi, kila mpiga chombo alipiga amesimama. Ndiyo desturi waliyokuja nayo, Warundi na Wakongo pamoja: sifa zikianza, hata mpiga ngoma anainuka. Gaudiose peke yake ndiye aliyekaa. Gitaa lake halivaliwi begani. Linalazwa juu ya miguu minne kama meza, lina nyuzi kumi, na chini yake kuna pedali za miguu na vyuma vya kusukumwa kwa magoti. Mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku miguu na magoti yakivuta sauti ipande au ishuke ilhali bado inalia. Sasa mtu atalipigaje amesimama? Mchungaji Lambert alilimeza hilo kwa shida. Alilimeza kwa sababu tangu gitaa lile lianze kulia, viti vya ukumbi havikutosha tena.

Gaudiose alikuwa fundi cherehani Troyeville, mtaa wa jirani. Mashine yake, ya kiwandani, ilikuwa na chuma cha kusukuma kwa goti ili kuinua kile kinachokandamiza kitambaa. Siku moja Oom Fanie, mzee wa Kikaburu wa mtaa wa pili, alileta suruali ipunguzwe. Alimtazama akishona, mikono huku, mguu kule, goti nalo linafanya lake, akaangua kicheko.

"Mama," alisema, "kuna gitaa nyumbani linakungoja wewe. Vidole vyangu vimekwisha."

Akamfundisha, na kwa ukali. Kufikia mwaka ule uliofuata Kombe la Dunia, Gaudiose alikuwa na bendi tatu. Ijumaa alipiga kantri na wazee, rafiki za Oom Fanie, kwenye baa moja kusini mwa jiji ambako watu wenye kofia pana hucheza wawili wawili. Jumamosi mchana ilikuwa roki, kwenye gereji moja mtaani Yeoville, na vijana wenye nywele za kijani, gitaa likipitishwa kwenye kisanduku cha kukwaruza sauti mpaka likanguruma. Jumapili ilikuwa kwaya.

Na kote alikuwa akijua anachofanya. Kwenye kantri alimngoja mwimbaji avute pumzi, ndipo ateleze kwenye lile pengo na kutoka kabla hajaonekana. Kwenye roki hakumngoja mtu. Kanisani alishika sauti moja ndefu chini ya kwaya nzima, akaikunja kwa goti taratibu, na akina mama wakatoa leso. Wapo wanaopiga namna moja tangu ujana mpaka kaburini na kuuita huo uaminifu. Ni uvivu, tusidanganyane.

Kisha Brigitte wa idara ya akina mama akamwona baa. Brigitte mwenyewe alifuata nini baa, hakuna aliyeuliza. Habari zilimfikia mchungaji kabla bia ya Ijumaa haijakauka mezani.

Katika kanisa lile, mtu akikosea huwekwa nyuma. Husimamishwa mbele, akatubu kwa kinywa chake, kisha hukaa benchi la mwisho, haimbi, hapigi, hashiriki meza ya Bwana, mpaka wazee waridhike. Gaudiose aliambiwa atatubu Jumapili inayofuata na kuahidi kuacha baa na gereji.

"Na nisipoahidi?"

"Basi gitaa lako halitalia tena hapa," alisema mchungaji.

Hilo lilimchoma. Angeweza kwenda kanisa jingine, Johannesburg ina makanisa kuliko spaza, vile viduka vya mitaani. Lakini hawa ndio waliompokea alipofika na mfuko mmoja na nguo zilizomkaa mwilini. Alitaka awapigie watu wake, wajue anachopiga na wapi, na bado wamwite wao. Wiki nzima alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Hakulala vizuri, na hakuamua.

Jumapili ikafika, ikiwa sikukuu ya kanisa. Kwaya za wageni zilikuwa zimetoka Pretoria na hata Durban, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Gaudiose alikuwa ameshafunga miguu ya gitaa lake jukwaani, kwa mazoea tu, pale Mchungaji Lambert alipomvuta pembeni, uso umechanua tabasamu.

"Dada Gaudiose, leo piga tu. Wageni wametoka mbali. Yale ya kutubu tutayafanya Jumapili ijayo, tukiwa sisi wenyewe."

Gaudiose alimwangalia. Hasira ilimpanda polepole, na pamoja nayo uamuzi ambao wiki nzima ulikuwa umemkataa.

"Kumbe mkono huu mchafu leo unafaa?"

"Usiseme hivyo, dada..."

"Kama ni dhambi, Pasta, ni dhambi na leo."

Akarudi jukwaani, akapiga magoti, akaanza kufungua gitaa. Fimbo za pedali moja baada ya nyingine, kisha mguu wa kwanza, wa pili. Gitaa la namna hiyo halifunguliwi haraka hata ukiwa na haraka, na yeye hakuwa nayo. Ukumbi mzima ukamtazama. Kwaya ilikuwa imeshajipanga, na wimbo wao ulianza na gitaa lile.

"Anza," mchungaji alimnong'oneza Masika, kiongozi wa kwaya, binti wa Butembo, Kongo, asiyejua kunong'ona, aliyemwita Gaudiose yaya, yaani dada mkubwa.

"Nianze na nini? Bila yaya Gaudiose, mi siimbe."

Mchungaji akachukua maikrofoni, akacheka kidogo. "Wapendwa, dada yetu ana shida ndogo ya chombo."

"Chombo ni kizima," alisema Gaudiose, akisimama na spana mkononi. "Waambie ukweli."

"Unataka niseme nini?" mchungaji aliuliza, amesahau kwamba maikrofoni iko mdomoni. Swali lile likapaa mpaka kwenye ngazi.

"Sema napiga wapi Ijumaa na Jumamosi."

Mtoto mmoja akakohoa. Mchungaji Lambert akawatazama wageni, akaitazama kwaya iliyokunja mikono, akafuta jasho.

"Anapiga baa," alisema hatimaye. "Na... na vijana wa roki."

Ukumbi ukaguna. Gaudiose akanyoosha mkono, na mchungaji, kwa kukosa la kufanya, akampa maikrofoni.

"Mmesikia. Ni kweli, na Ijumaa nitakwenda tena. Ile sauti inayowaliza hapa niliijulia kule, kwa mzee aliyenipa gitaa lake bila kuniuliza dini. Sitatubu. Benchi la nyuma siendi. Na sitapiga leo ili nifichwe kesho. Asiyetaka kusikia mkono huu aseme sasa, nimalizie kufungua, niende zangu."

Watu wakatazamana. Brigitte alifungua mdomo, jirani yake akamkazia macho, akaufunga. Kisha mama mmoja mnene wa kwaya ya Durban, amevua viatu, akapaza sauti kutoka mstari wa tatu.

"Eish, mwanangu! Tumekaa kwenye basi tangu jana. Funga hiyo meza yako utupigie!"

Kicheko kikapasuka, na makofi juu yake. Mchungaji Lambert alisimama kidogo kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake, halafu akainama, akaokota mguu mmoja wa gitaa kutoka sakafuni na kumpa Gaudiose. Hakusema samahani. Gaudiose hakuingoja.

Alifunga miguu, akafunga fimbo, akakaa kitini pake. Kutoka kwenye begi akatoa kisanduku cha Yeoville, ambacho hakikuwahi kuingia mlango ule, akakichomeka mbele ya macho yao wote. Ubeti wa kwanza aliupiga kwa ule upole wa Ijumaa, akimngojea Masika avute pumzi. Kwenye ubeti wa mwisho alikikanyaga kisanduku. Gitaa likanguruma, madirisha yakatetemeka, na akina mama wakainua mikono wakilia haleluya, safari hii wakijua kabisa sauti ile imetoka wapi.